Uvira: Helikopta ya telekomande ifundishwe mezani kwanza, angani baadaye

Katika mji wa Uvira, kitu kikivuma angani hakuna anayebaki ametulia. Mama anayeanika ndagala kando ya ziwa anainua kichwa. Watoto wanaacha mpira na kukimbilia ndani. Askari anasimama na kutafuta sauti inatoka upande gani. Wakaaji wana sababu. Mwezi Januari 2025 Goma ilichukuliwa, mwezi uliofuata ikawa zamu ya Bukavu, vita vikashuka katika bonde la Ruzizi, na Desemba 2025 vikaingia Uvira kwenyewe. Katika vita hivyo droni zimetumiwa kupeleleza na kupiga. Kwa mtoto anayekulia hapa miaka hii, mlio kama wa nyuki juu ya paa si mchezo.

Lakini katika mji huohuo, kijana mwenye simu anaona video za helikopta ndogo za telekomande zikipaa, zikigeuka na kutua polepole kama helikopta za kweli. Anaitamani. Mwingine ana mjomba Bujumbura, Dar es Salaam au Dubai anayeweza kumtumia moja. Siku itakapofika, kijana ataitoa katika katoni, ataweka betri na kuirusha mbele ya nyumba. Hapo mabaya mawili yanaweza kutokea kwa dakika moja: mapanga yake yamkate mtoto wa jirani, au mwenye bunduki aidhani ni droni ya adui.

Wako watakaosema dawa ni kupiga marufuku. Wengine watasema ni kitu cha watoto, waachwe wacheze. Wote wawili wanakosea. Helikopta ndogo ni mashine inayofundisha ufundi mkubwa, na sehemu kubwa ya mafunzo yake hufanyika mezani, bila kuruka hata mita moja. Kwa hiyo Uvira inaweza kuanza kufundisha vijana wake sasa, hata kama anga bado haina usalama. Kinachotakiwa kungoja ni kuruka, si kujifunza.

Si kitu cha watoto

Watu wengi wanachanganya helikopta hii na droni ya mapanga manne inayoonekana kwenye harusi. Droni ile ina kompyuta ndani. Ukiachia vijiti vya telekomande, inajisimamisha yenyewe hewani. Helikopta yenye panga kubwa juu na panga dogo mkiani ni kitu kingine. Nyingi kati yake hazimsubiri anayejifunza. Zikianza kuinama upande mmoja, zinaendelea kuinama mpaka mkono wa mrushaji uzirudishe, na mkono huo usipojua, zinaanguka.

Historia yenyewe inaonyesha ugumu huo. Ndege ndogo za mabawa zilikuwa zikiongozwa kwa redio tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Helikopta ndogo ilichelewa. Ni mwishoni mwa miaka ya 1960 ndipo wapenzi wa ufundi huo, akiwemo Mjerumani Dieter Schlüter, walipofaulu kuifanya iruke na kutii.

Na jina la panga halikutolewa bure. Chukua helikopta ambayo mapanga yake ya juu yanachora duara la sentimita 70, kipimo cha kawaida kwa wanaojifunza. Mapanga hayo yanaweza kuzunguka mara 2,500 kwa dakika. Ukipiga hesabu, ncha ya panga inakimbia zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Hakuna pikipiki ya Uvira inayofika nusu ya mwendo huo. Mwezi Septemba 2013, katika bustani moja ya Brooklyn, mjini New York, kijana wa miaka 19 aliyekuwa anarusha helikopta ya namna hii alipigwa kichwani na mapanga yake mwenyewe akafa palepale. Hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Alikuwa mzoefu, na mashine ilikuwa kubwa.

Kwa hiyo mzazi anayeulizwa, “Baba, unaweza kuninunulia?” asijibu kama anayeulizwa juu ya mpira. Ajibu kama anayeulizwa juu ya pikipiki.

Shule iko mezani

Somo la kwanza ni betri, kwa sababu betri inaweza kuunguza nyumba kabla helikopta haijaruka. Helikopta nyingi za leo zinatumia betri za lithiamu, ndugu za zile za simu, lakini zenye kutoa moto mwingi kwa muda mfupi. Kila seli ina volti 3.7 kwa kawaida. Ikijaa inafika 4.2, wala haitakiwi kupita hapo. Ikishuka chini ya 3.0 inaharibika. Ikikaa bila kazi kwa siku nyingi, iachwe karibu na 3.8, si ikiwa imejaa. Chaja iwe ile inayopima kila seli peke yake. Betri ya miliampea 2,200 ichajiwe kwa ampea 2.2, na itachukua kama saa moja.

Uvira ina tabia yake ya umeme. Umeme ukikatika mchana na kurudi usiku wa manane, watu wanaamka, wanachomeka kila kitu na kurudi kulala. Kwa betri ya helikopta hiyo ni hatari kubwa. Ichajiwe mtu akiwa macho na karibu, juu ya tofali au ndani ya chungu chenye mchanga, mbali na godoro, pazia na yale mafuta ya kadhafi yanayowekwa katika chupa na bidoni. Betri iliyovimba kama andazi haichajiwi tena hata kama bado inawaka.

Somo la pili ni mapanga. Fundi baiskeli yeyote wa Mulongwe analielewa tayari. Anageuza baiskeli, anazungusha gurudumu, anaangalia kama rimu inayumba, kisha anakaza sipoku moja na kulegeza nyingine mpaka rimu ikimbie mstari mmoja. Mapanga ya helikopta yanatunzwa kwa akili ileile. Kwanza yanapimwa uzito, moja na mwenzake. Likiwepo jepesi, linaongezewa kipande kidogo cha utepe. Kisha kila panga linabandikwa utepe wa rangi yake karibu na ncha, moja jekundu, jingine jeupe. Yakizunguka, mtu aliyesimama mbali anatazama kwa upande. Akiona mistari miwili, moja juu na moja chini, panga moja linashika hewa kuliko jingine. Injini inazimwa, kijiti kinachoshika panga hilo kinapunguzwa au kuongezwa mzunguko mmoja, kisha inajaribiwa tena mpaka mistari iwe mmoja. Mashine ambayo haikupita hapo inatetemeka, na mtetemo unalegeza skrubu, na skrubu iliyolegea inaachia panga.

Somo la tatu ni uzito wa mashine yote. Helikopta inashikwa kwa vidole pale juu kwenye kichwa cha mapanga, ikiwa imezimwa. Ikiinamisha pua, betri inasogezwa nyuma. Ikiinamisha mkia, betri inasogezwa mbele. Ikikaa sawa, iko tayari.

Somo la nne ni mkia. Panga kubwa likizunguka upande mmoja, mwili wa helikopta unataka kuzunguka upande wa pili. Panga dogo la mkiani ndilo linalouzuia, na kifaa kidogo kiitwacho jiro kinalipa amri kila unapoyumba. Jiro ikifungwa kinyume, badala ya kurudisha mkia inauongezea kasi, na helikopta inazunguka kama pia mara tu inapoacha udongo. Hilo linajulikana mezani: mkia unasukumwa kwa mkono upande mmoja, na fundi anaangalia kama kifaa kinaamuru urudi au uendelee. Jiro ikiwekwa kali mno, mkia unatikisika harakaharaka kama wa mbwa aliyeona bwana wake. Ikiwekwa dhaifu, mkia unalegea na kuhama.

Somo la tano ni telekomande. Inawashwa ya kwanza, kijiti cha nguvu kikiwa chini, kisha helikopta. Kuzima ni kinyume: helikopta kwanza, telekomande mwisho. Swichi ya kukata injini ijulikane na kidole bila kutazama. Na ipangwe hivi kwamba mawimbi yakipotea, injini ikatike yenyewe. Helikopta iliyoanguka ni hasara ya mtu mmoja. Helikopta inayokwenda bila mtu ni hatari ya kata nzima.

Kazi hizi za mezani, isipokuwa ile ya kutazama mapanga yakizunguka, zinafanywa nyaya za injini zikiwa zimetolewa. Fundi anayerekebisha mapanga huku betri imeunganishwa anacheza na vidole vyake.

Hapo kijana bado hajarusha kitu. Lakini amejifunza umeme, vipimo, usawa wa mashine, na kubwa zaidi, tabia ya kukagua kabla ya kuwasha. Ni maarifa yaleyale yanayotengeneza pampu ya maji, sola ya zahanati na injini ya mtumbwi.

Kuruka chini kabla ya kuruka juu

Baada ya meza kuna hatua nyingine isiyohitaji anga: programu za kompyuta zinazoiga helikopta. Mtu anaweza kuanguka mara mia kwa siku bila kununua hata skrubu moja. Kwa Uvira, ambako kila kipande kinatoka mbali, hiyo si anasa. Ndiyo njia ya bei nafuu.

Siku ya kuruka kweli ikifika, chini ya helikopta zinafungwa fimbo mbili nyepesi zilizopishana msalaba, kila ncha na kampira kadogo. Mianzi myembamba inafaa. Fimbo hizo zinaizuia isipinduke. Anayejifunza anasimama nyuma yake, mkia ukimwelekea, kwa umbali wa hatua kumi au zaidi. Sababu ni rahisi: mkia ukiwa kwake, kulia kwa helikopta ni kulia kwake. Pua ikimgeukia, kulia kunakuwa kushoto, na mkono wa mwanafunzi unachanganyikiwa. Ainue kidogo, atue. Ainue, atue. Akiweza kuisimamisha hewani betri mbili tatu bila kukimbizana nayo, ndipo aongeze. Miwani ya kulinda macho ivaliwe. Watazamaji wakae nyuma ya mrushaji, wote upande mmoja, na mtoto mdogo ashikwe mkono.

Anayeruka hatua hizo anasema ana haraka. Kwa kweli anachelewa, kwa sababu atakaa wiki nyingi akingoja mapanga mapya.

Anga la Uvira si la mtu mmoja

Hata kijana aliyefundishwa vizuri hawezi kusimama popote na kuwasha. Uvira imebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa Tanganyika. Nafasi wazi ni chache, na maji ya ziwa yalipopanda miaka hii yalichukua sehemu ya fukwe. Panapobaki uwanja, mara nyingi kuna wakimbizi wa ndani, soko, au watoto wa shule. Upepo nao una saa zake: mchana unaingia kutoka ziwani, usiku unashuka kutoka milimani, na katika kiangazi, kuanzia Mei mpaka Agosti, upepo wa kusini unavuma kwa nguvu juu ya ziwa. Asubuhi mapema ndiyo saa ya mwanafunzi, lakini ni saa ileile wavuvi wanaporudi na samaki na ufukwe kujaa watu.

Kuna pia mpaka. Gatumba iko ng'ambo ya Kavimvira tu, na uwanja wa ndege wa kimataifa wa Bujumbura hauko mbali. Kitu kinachopotea na upepo kutoka upande wa Kongo kikiangukia Burundi si mchezo tena, ni mambo ya serikali mbili. Nchini Kongo, usafiri wa anga unaongozwa na sheria ya tarehe 31 Desemba 2010, na mamlaka inayosimamia anga ni AAC. Anayetaka kurusha chombo nje ya nyumba aanze kwa kuuliza huko, kupitia ofisi za mji, asiulizwe yeye baada ya kukamatwa.

Zaidi ya sheria kuna hofu ya watu, na hofu hiyo inastahili heshima. Mama aliyekimbia mabomu na watoto mgongoni hana deni la kutofautisha mlio wa mchezo na mlio wa vita. Anayerusha ndiye mwenye deni. Kwa hiyo wakati huu, maadamu hali ya usalama haijatulia, helikopta ya telekomande isirushwe nje katika mji wa Uvira, Kalundu, wala katika barabara ya bonde kuelekea Kiliba na Sange. Wala isifungwe kamera, kwa sababu kamera inageuza mwanafunzi kuwa mpelelezi machoni pa kila mwenye silaha. Hilo ni gumu kwa kijana, lakini ni bora kuliko risasi.

Kifanyike nini

Shule za ufundi za Uvira zina meza, zina vijana, na mji una mafundi wa simu na redio wanaojua kuchoma nyaya na kupima betri kuliko walimu wengi. Waunganishwe. Helikopta moja iliyonunuliwa kwa mchango inatosha kufundisha vijana ishirini kama inakaa mezani. Kompyuta mbili zenye programu ya kuiga zinatosha kuwafundisha vidole. Chumba kikubwa kisicho na watu kinaweza kupokea zile ndogo kabisa zenye mapanga mawili yanayozunguka kinyume, ambazo ni tulivu na hazina nguvu ya kuumiza sana.

Kwa upande wa ofisi ya meya na vyombo vya usalama, kazi ni kuamua mapema, si kungoja tukio. Siku utulivu utakaporudi, pachaguliwe mahali pamoja, mbali na nyumba, kambi na mpaka, na saa moja ya wiki inayojulikana. Redio za mji zitangaze jana yake na asubuhi yake, kwa Kiswahili na lugha za kata, kwamba leo saa fulani, mahali fulani, mtasikia mlio, msikimbie. Viongozi wa kata wapelekewe habari. Mwalimu mmoja awe na jina lililoandikwa kwenye barua ya ruhusa. Bendera ipandishwe uwanjani wakati wa kuruka na ishushwe wakimaliza. Kijana atakayerusha nje ya mahali na saa hiyo anyang'anywe betri na wazazi waitwe, kabla ya kitu kingine chochote.

Wafanyabiashara nao wasiuze mashine yenye mapanga kama wanavyouza mdoli. Mnunuzi aelezwe betri, aelezwe umbali, na mtoto asiuziwe peke yake.

Kwa nini kujisumbua

Watakuwepo wa kuuliza: mji unakosa maji na chakula, helikopta za nini? Swali ni la haki. Jibu liko katika kazi ambazo tayari zimefanywa kwingine na vyombo vidogo visivyo na rubani ndani.

Nchini Japani, kampuni ya Yamaha ilitoa mwaka 1987 helikopta isiyo na rubani kwa ajili ya kunyunyizia dawa mashamba ya mpunga, na waendeshaji wake wanapitia mafunzo maalumu. Bonde la Ruzizi linalima mpunga. Zanzibar, kuanzia mwaka 2016, visiwa vilipigwa picha kwa droni ili kupata ramani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa kati ya waliofanya kazi hiyo. Mwanza, kwenye ziwa Victoria, mwezi Oktoba 2018 vyombo vya namna hii vilijaribiwa kuvuka maji mpaka kisiwa cha Juma. Hapa Kongo, katika jimbo la Équateur, mwaka 2019 droni zilipelekwa kujaribu kufikisha chanjo katika vijiji ambavyo barabara haifiki.

Uvira inakumbuka Aprili 2020, mvua iliponyesha, mto Mulongwe ukatoka katika njia yake, makumi ya watu wakafa na maelfu ya nyumba zikabomoka. Siku zile, mtu mwenye ujuzi wa kupiga picha mto kutoka juu angeweza kuonyesha wapi njia imekatika na wapi watu wamezingirwa. Kituo cha utafiti wa maji cha CRH kiko hapahapa Uvira na kinasoma ziwa hili. Mafundi wa kukisaidia siku za amani wanaweza kutoka Kasenga na Kakombe, wasitoke mbali.

Ujuzi huo hauanguki kama mvua. Unaanza na kijana anayejua kwa nini betri haiachwi usiku, kwa nini mapanga yanapimwa, na kwa nini siku nyingine jibu sahihi ni kutorusha. Kijana wa namna hiyo, siku akikabidhiwa chombo kikubwa, atawalinda wengine nacho. Yule aliyejifunza kwa kubahatisha mbele ya nyumba, hata akipewa ruhusa, atabaki hatari.

Kwa sasa, mwenye helikopta katika katoni asiiuze wala asiirushe. Aifungue, atoe nyaya za injini, atafute fundi na rafiki wawili, na aanze na betri.